Shahidi wa Atuganile

Siku Sekela alipozikwa, aliyepita na chai kwa waombolezaji alikuwa mama yake mzazi.

Alishika birika kubwa kwa mkono mmoja na trei ya vikombe kwa mkono wa pili, akawa anamwinamia kila aliyeketi na kumuuliza kama sukari imetosha. Wanawake waliotoka ng'ambo ya mto walikuwa wamejiandaa kumshika, maana ndivyo inavyokuwa, mama wa marehemu hushikwa huku na huku asije akajiangusha. Hawakupata wa kumshika. Ikabidi wapokee vikombe. Mama Lugano, aliyesimama naye kanisani siku ya ndoa yake, alikaa na kikombe chake mpaka kikapoa, kisha akakimwaga taratibu nyuma ya mgomba.

Asukile, mumewe, aliyaona hayo yote akiwa na wanaume kando ya moto. Baadaye aliingia chumbani alikolazwa binti yao, akamkuta mkewe ameinama juu ya jeneza, analinyoosha pindo la gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya maziko. Atuganile alirudi nyuma hatua moja, akatazama.

"Limemkaa vizuri," alisema. "Mabegani ndipo nilipokuwa na wasiwasi."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya upole. Asukile aliisikiliza akitafuta ndani yake ufa wowote, hata mdogo. Hakuupata. Akatoka nje akalia peke yake nyuma ya kitalu cha miche.

Kijiji kilisema mengi. Kilisema mwanamke yule ana moyo wa jiwe, wengine wakasema ana jambo. Asukile alijua kwamba mkewe hakuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa na waya.

*

Baridi yabisi ilimwanza Atuganile kwenye vidole, muda mfupi baada ya kumzaa Sekela. Alikuwa fundi cherehani, mwenye wateja mpaka bondeni. Ugonjwa ukapanda kwenye viwiko, ukashuka magotini, ukaingia hata kwenye taya, ikafika mahali kutafuna kipande cha ndizi ni kazi ya kufanywa kwa kupumzika. Dawa zilimsaidia, kisha zikamharibu tumbo, kisha zikaacha kusaidia. Sekela alikua akiwa ndiye mikono ya mama yake. Alimfunga vifungo, alimchana nywele, alimshikia kikombe. Alipomaliza sekondari alikataa kwenda popote.

"Nani atamgeuza mama kitandani?" alimuuliza baba yake, na Asukile, ambaye alishinda kwenye parachichi zake tangu asubuhi, alichukua ndoo zake akatoka.

Ndipo vitulizo vilipofika mjini. Daktari Leonida, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, aliwakalisha wote watatu akawaeleza bila kuwaficha. Maumivu, alisema, yana njia mbili mwilini. Njia ya kwanza inaleta taarifa tu: hili ni goti la kushoto, limevimba. Njia ya pili ndiyo inayosema: hii ni mbaya, siiwezi. Vifaa vya zamani viliifunga njia ya kwanza, kiungo kimoja kimoja, na kwa mgonjwa ambaye viungo vyote vinawaka havikufua dafu. Kitulizo kilikwenda kwenye njia ya pili. Kifaa kidogo kama kifungo cha koti kingewekwa chini ya mtulinga, na waya mwembamba kama unywele ungepanda shingoni hadi ndani ya kichwa, ukipiga mishipa ya fahamu midundo midogo mchana na usiku.

"Goti litaendelea kusema," daktari alisema. "Ila yeye hataumia."

"Na hasara yake?" Asukile aliuliza.

"Wengine wanapoa. Njia hiyo ya pili haibebi maumivu ya viungo peke yake. Inabeba na mengine, na hatuwezi kuyachambua." Akamgeukia Asukile. "Ndiyo maana sheria inataka kila mgonjwa awe na shahidi. Mtu aliyemfahamu zamani. Kila mkija nitakuuliza swali moja, kama huyu bado ni yule unayemjua. Mwenyewe hawezi kulijibu. Asichokihisi hajui kwamba hakihisi."

Walikubali. Nani angekataa? Wiki ile ile kilipowashwa, Atuganile alichomoa cherehani chini ya magunia, akaipaka mafuta. Alicheka kwa urahisi, alilala usingizi mzima. Kama kulikuwa na kitu kilichopungua, Asukile alikiona kwa mbali tu: kwamba hakukasirika tena, kwamba nyimbo za kanisani zilizokuwa zikimtoa machozi sasa aliziimba kama anayehesabu mishono. Kwenye kila ziara daktari aliuliza swali lake, na Asukile alijibu ndiyo, ni yeye.

Na Sekela, kwa kuwa mikono ya mama ilikuwa imerudi, alikwenda chuo cha ualimu. Mvua za mlimani zilikuwa zimeacha kufuata miezi kwa muda mrefu. Zilinyesha zilipotaka. Alfajiri moja ya mwezi ambao wazee waliuita wa kiangazi, mlima ulimeguka ukalifunika bweni la wasichana. Sekela alirudi nyumbani kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mabonde tangu barabara zilipoliwa na maporomoko, akiwa ndani ya sanduku, katikati ya makreti ya maziwa yaliyokuwa yakirudi matupu.

*

Miezi ilipita, ikakaribia siku ya kufungwa kwa kitulizo, yaani kuachwa mwilini moja kwa moja. Nyama ya mwili huuzunguka waya na kuukumbatia, na baada ya muda fulani kifaa hakiwezi tena kuzimwa wala kurekebishwa bila kumuua mtu. Kabla ya hapo sheria iliweka siku za kuulizwa. Mgonjwa huzimiwa kitulizo, akarudi kama alivyokuwa, akakaa nyumbani siku chache, kisha akaja kusema mwenyewe kama anataka kifungwe au kitolewe. Na shahidi naye husema. Mmoja wao akikataa, kinatolewa.

Ndani ya gari la waya, wakielea juu ya ukungu, Atuganile alikuwa akishona kifuniko cha mto bila kutazama sindano. Asukile aliitazama mikono ile. Alikuwa ameshaamua atakachosema. Hakumwambia mtu, wala mchungaji. Angesema hapana, huyu siye. Tangu msiba alikuwa akiishi nyumbani na mwanamke mwema aliyempikia, aliyemuuliza habari za miche, na ambaye jina la binti yao lilipotajwa alisema, "Maskini Sekela," kama anayemtaja mtoto wa jirani. Asukile alikuwa amechoka kulia peke yake. Alimtaka mkewe.

Daktari Leonida alimlaza Atuganile kwenye kitanda, akaweka kibao bapa juu ya mtulinga wake.

"Nazima sasa, mama. Pumua."

Vidole ndivyo vilivyotangulia. Vilijikunja kama jani linalosogezwa karibu na moto. Kisha magoti yakapanda, jasho likamtoka usoni, akauma mdomo. Asukile alimshika bega, akahisi anatetemeka kwa ndani. Ikawa hivyo kwa muda. Halafu alitulia ghafla akafumbua macho, na macho yale Asukile aliyatambua. Yalikuwa yamepotea siku nyingi.

"Baba Sekela."

"Naam."

"Sekela amekufa." Alisema kama anayempa mumewe habari.

"Ndiyo, mama."

"Nilimlilia?"

Asukile alikuwa na maneno ya kumjibu swali hilo. Alikuwa ameyatunza, makali, tangu siku ya birika. Yote yalimkimbia.

"Ulimshonea gauni," alisema.

"Sijakuuliza gauni."

"Hukulia."

Sauti iliyotoka kwa Atuganile iliwafanya watu wa chumba cha pili wasimame. Daktari alifunga mlango, akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka ilipopungua.

*

Kwa hiyo msiba wa Sekela ulililiwa mara ya pili. Hakuna aliyeutangaza. Sauti ya Atuganile ilisikika ikipanda kutoka kituo cha gari la waya, na wanawake walitoka mashambani na majembe yao. Mama Lugano ndiye aliyefika wa kwanza. Alimkuta ameegemea nguzo, miguu imekataa, akamkumbatia, na wote wawili wakakaa chini kwenye tope.

Walimlaza kwenye mkeka kando ya kaburi kwa kuwa hakuweza kupiga magoti. Aliongea na mtoto wake kutwa nzima. Alimwomba radhi. Alimwambia, "Mwanangu, nilikuwa sipo. Walinitoa wakamwacha mtu mwingine awagawie watu chai." Asukile alikaa upande wa pili wa kaburi, na kwa mara ya kwanza tangu binti yake afe alilia na mtu anayelia kitu kile kile. Ilikuwa ni ahueni ambayo aliionea aibu.

Lakini ugonjwa nao ulikuwa umerudi, na ulirudi na riba. Miezi yote ile ambayo Atuganile hakuumia, viungo viliendelea kuliwa kimya kimya, naye alivitumia kama vizima. Sasa vilimdai. Kijiko hakikushikika. Asukile alimwogesha, akamvalisha, akajifunza kwamba kifungo kimoja cha blauzi kinaweza kumfanya mtu apige yowe kama usipojua pa kumshika kiwiko. Sekela alijua pa kumshika. Sekela alifanya hivi kila asubuhi tangu akiwa mdogo kiasi cha kusimama juu ya kigoda ili azifikie nywele za mama yake, na baba mtu alikuwa akipita mlangoni na ndoo zake akisema, "Mmeamkaje?"

Mvua ikaleta baridi. Atuganile alianza kutafuna pindo la khanga ili asipige kelele, na baada ya hapo hakuweza tena kumlilia mtoto. Asukile aliliona hilo likitokea. Siku ya kwanza alikuwa akimlilia Sekela na kuumia. Kisha akawa anaumia, na katikati ya kuumia, akipata nafasi, anamkumbuka Sekela. Mwishowe nafasi ikakosekana. Mama Lugano alikuja na uji, akaanza kumsimulia kitu Sekela alichowahi kusema akiwa mdogo. Atuganile alimkatiza.

"Naomba unisogeze mguu," alisema. "Nisogezee mguu tu."

Jioni ya kuamkia safari, kabla taa hazijawashwa, Asukile alikuwa akimkanda mikono kwa maji ya moto.

"Nina neno," alisema. "Nilipokupeleka kule nilishaamua kukataa. Ningesema siyo wewe, wakitoe."

"Ulijua nitarudi hivi."

"Nilijua."

"Ulitaka niumie, Baba Sekela?"

"Sikutaka uumie. Nilitaka nisilie peke yangu."

Alitarajia amkasirikie. Angependa amkasirikie, hata hasira yake ilikuwa imeadimika. Atuganile aliiacha mikono yake ndani ya beseni, maji yakawa yanapoa.

"Siku hizi tumelia wawili," alisema mwishowe. "Umenipa hilo. Nilikuwa sijamzika mwanangu, sasa nimemzika." Akapumua, akasubiri wimbi fulani la maumivu lipite. "Nikibaki hivi sitamlilia. Umeona mwenyewe. Nitajililia mimi. Na nikirudi kule sitamlilia pia. Yeye hana anachopata kwangu upande wowote."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka kulala." Machozi yalimtoka bila sauti. "Namtaka mwanangu, na nataka kulala. Ukinisikia nasema washeni, usidhani nimemsahau. Ni mimi huyu ninayesema, na nimemkumbuka. Hilo ulishike wewe, maana mimi sitaweza kulishika."

Asukile alimfuta mikono, kidole kimoja kimoja, akamfunika.

*

Daktari Leonida aliwasha kinasa sauti kama sheria inavyotaka. Atuganile aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimelala upande.

"Mama Atuganile, unaumwa na una akili zako timamu. Unataka kitulizo kifungwe, au kitolewe?"

"Muulize mume wangu."

"Naye nitamuuliza. Sheria inataka sauti yako kwanza."

Alimtafuta Asukile kwa macho. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka mahali ambapo hapaswi kuondoka. Asukile aliinamisha kichwa kidogo, kumwambia sawa.

"Kifungwe," Atuganile alisema.

Daktari akageuka. "Shahidi. Umeishi naye kikiwa kimewashwa, umeishi naye kikiwa kimezimwa. Huyo atakayekuwepo nikikifunga, ni yule unayemjua?"

Swali lilikuwa rahisi, na jibu la kweli alikuwa nalo. Halikuwa jibu litakalomlaza mkewe. Akawaza kwamba akisema hapana hatadanganya, na mwanamke huyu aliye mbele yake, anayemjua, anayemlilia Sekela, atabaki wake, na ataendelea kutafuna khanga mpaka afe. Aliona wazi kwamba wote wawili, aliye kwenye kiti na atakayeamka baadaye, walikuwa wamewekwa mikononi mwake, na kwamba mmoja wao hatamwona tena.

Alimwendea mkewe, akapiga magoti ili macho yao yalingane. Akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Nenda salama, mama," alimwambia taratibu.

Kisha akasimama akamjibu daktari. "Ndiyo. Ni yeye."

Daktari Leonida hakuandika mara moja. Alikuwa amelisikia jibu hilo kwa watu wengi, na Asukile aliona kwamba alijua. Akazima kinasa sauti, akaosha mikono.

*

Kipindi cha kubebesha miche, kuunganisha kikonyo cha mti bora kwenye shina changa, kilipofika, kitalu kilikuwa na kazi nyingi. Chai ilishakufa kwenye miteremko yote kwa sababu ya joto, na kila mtu alitaka parachichi. Alasiri moja Asukile alikuwa amekaa juu ya kreti, anachonga vikonyo, na ghafla mikono ikamwishia nguvu. Hapakuwa na sababu. Msichana mmoja alikuwa amepita njiani akicheka na wenzake, basi.

Atuganile alikuwa anaanua nguo. Alimwona, akaliweka beseni chini, akaja. Alimtoa kisu mkononi kwa uangalifu, asije akajikata, akaketi kwenye kreti la pili.

"Ni Sekela?" aliuliza.

"Ndiyo."

Atuganile alifikiri. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kuna chumba nyumbani mwake, anaujua mlango wake, anajua umefungwa, na hana hamu ya kuufungua wala woga wa kuutazama.

"Nisimulie," alisema. "Nina muda."

Asukile alimsimulia. Alimwambia jinsi Sekela alipokuwa na miaka mitano alivyopanda mbegu ya parachichi kichwa chini miguu juu, akaifukua kila asubuhi kuona kama imeota, mpaka ikaoza, kisha akamshtaki baba yake kwa mchungaji kwamba anauza mbegu mbovu. Mchungaji alikuja kweli hadi kitaluni, amevaa kanzu yake, amemshika mkono, kuulizia jambo hilo. Asukile alicheka akiisimulia, kisha kicheko kikageuka, akashindwa kuendelea.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakutazama kando, hakuharakisha. Alitabasamu pale penye mchungaji. Alipoona mumewe ameinamisha uso, alisogeza kreti lake karibu, akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

"Alikuwa mtoto mzuri," alisema.

"Alikuwa mtoto mzuri," Asukile aliitikia.

Wingu lilikuwa limeanza kushuka mlimani. Atuganile aliinuka kwa wepesi, akaanza kuihamishia miche kibandani, trei mbili mbili, na baada ya kitambo Asukile naye aliinuka akamsaidia.